Muulize Mfamasia: Magoti, Parachichi na Mafuta Yanayogoma Kuwa Sabuni

Habari za siku jamani. Mwezi huu barua zimekuja za magoti tu, sijui mlikaa kikao. Nimechukua tano, zilizobaki zinafanana na hizi kwahiyo ukisoma ya mwenzio utajikuta na we umo humo humo. Magoti yenu mko wengi, Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2019 watu milioni 528 dunia nzima wenye ugonjwa huu wa viungo kusagika, na kati yao milioni 365 ni goti.

Swali: *Habari mwanangu. Mi nna miaka 61, magoti yote yananisumbua mwaka wa nne huu ila la kulia ndo limezidi, kupiga eksirei wakasema limesagika. Nimemeza diklofenaki mpaka tumbo likakataa na presha nnayo. Sasa mwanangu anaishi Ufaransa kaja likizo kaniletea maboksi ya kapsuli za mafuta ya parachichi na soya, anasema kule wazee wanatumia. Jirani yangu ananicheka, anasema una mti wa parachichi hapo uani kula matunda yako uache kumeza vya wazungu. Je hizi zinarudisha grisi ya goti au nimeletewa urembo? – Mama wa Tabata*

Shikamoo mama. Hujaletewa urembo, ila pia usianze kugawa fimbo yako bado.

Tuanze na hiyo grisi maana kila mtu anakuja dirishani kwangu na hiyo grisi. Tumezoea kusema hivyo kwa sababu fundi gari tunamwelewa haraka kuliko daktari, lakini goti sio beringi kwamba unafungua unapaka unafunga. Kinachochakaa ni gegedu, ile nyama ngumu yenye uso wa kuteleza inayofunika ncha za mifupa, na ikishachakaa mfupa wa chini yake nao unabadilika, unaota vipembe, ngozi ya ndani ya kiungo inavimba, na msuli wa paja unalegea kwa sababu ukiumwa unaacha kutembea, ukiacha kutembea msuli unaisha, msuli ukiisha goti linabeba mzigo peke yake linauma zaidi, unazunguka hapo hapo. Hakuna kapsuli, sindano wala mafuta yaliyothibitika kuotesha gegedu upya likawa kama la binti wa miaka 20. Anayekwambia ipo anakuuzia.

Sasa hizo za mwanao ni nini hasa. Umewahi kuona watu wakipika sabuni nyumbani? Wanachukua mafuta wanaweka kostiki soda, wanakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, inakuwa sabuni. Lakini sio mafuta yote yanakubali kugeuka. Kuna kasehemu kadogo, kwenye soya ni kama asilimia 1 hivi, ambako ukoroge usikoroge kanagoma kuwa sabuni, kanabaki vile vile. Hako kakaidi ndo dawa yenyewe. Ndani yake kuna steroli za mimea (usichanganye na steroidi, hizo tutakutana nazo barua ya tatu na hatutacheka), kuna vitamini E na vitu vingine. Kapsuli inachanganya fungu moja la kutoka parachichi na mafungu mawili ya soya, jumla miligramu 300, inamezwa moja kwa siku katikati ya chakula. Kwenye boksi la Ufaransa utakuta limeandikwa Piascledine, kule ni dawa ya famasi. Marekani inauzwa kama saplimenti, mara nyingi imechanganywa na glukosamini, saplimenti nyingine ya viungo, we tafuta herufi ASU, ndo kifupi cha Kiingereza cha hako kakaidi ka parachichi na soya.

Maabara zimeonyesha kitu hiki kikiwekwa kwenye seli za gegedu kinazituliza, zinapunguza kutoa vimeng'enya vinavyokula gegedu na zinatengeneza zaidi vile vinavyolijenga. Inapendeza. Ila seli kwenye kisahani sio goti la mama aliyepanda daladala ya Tabata amesimama mpaka Kariakoo, kwahiyo tuangalie watu.

Kwa watu ni hivi. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa watu 260 wenye magoti kama lako, miezi mitatu, wengine wakapewa dawa wengine kapsuli tupu, wote wakijua wanaweza kuwa upande wowote. Waliopata dawa halisi walipunguza kumeza dawa za maumivu kuliko wenzao. Humo humo kuna kundi lilipewa miligramu 600, halikuwashinda wa 300, kwahiyo ukiona haifanyi kazi haraka usijiongezee mbili mbili, unamaliza boksi tu. Halafu 2014 wale wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti zote na kuzichambua bila huruma, wakaja na hesabu: kwenye mizani ya maumivu ya pointi 100, hii kitu ilishusha kama pointi 8 kuzidi kapsuli tupu. Nane mama. Sio sifuri ila sio hamsini. Ni tofauti ya kushuka ngazi ukiguna na kushuka ngazi ukiguna kidogo. Mwaka huo huo Wafaransa walitoa matokeo ya miaka mitatu kwa watu wa nyonga, sio goti, wakipima kwa eksirei nafasi kati ya mifupa. Kwa wastani hapakuwa na tofauti, ingawa waliochakaa kwa kasi walikuwa pungufu kidogo upande wa dawa. Na 2015 serikali ya Ufaransa ikaitoa kwenye orodha ya dawa zinazolipiwa na bima, wakaona faida haitoshi kulipia. Haijapigwa marufuku, mtu ananunua kwa pesa yake, kama mwanao alivyofanya.

Kwahiyo mi ningekuwa we ningezimeza, kwa sababu zimeshanunuliwa na kwa sababu diklofenaki na presha yako ni paka na panya, inapandisha presha, inatoboa tumbo, inachosha figo. Hizi hazina vituko hivyo, wengi hawasikii chochote, wachache wanapata tumbo kuvurugika. Mwenye aleji ya soya asiguse. Kama una historia ya ini, au unameza warfarin ya kulainisha damu, mwambie daktari wako kwanza, parachichi na warfarin hazielewani vizuri.

Ila zimeze kwa akili. Chukua daftari. Kila Jumapili andika namba kutoka 0 mpaka 10, goti linauma kiasi gani, na wiki hiyo umemeza vidonge vingapi vya maumivu. Usitegemee kitu mwezi wa kwanza, ni dawa mvivu, inaanza kuonekana mwezi wa pili. Ikifika miezi mitatu fungua daftari. Namba zimeshuka, endelea. Ziko pale pale, mshukuru mwanao, mwambie safari ijayo alete viatu vizuri vya kutembelea.

Wakati huo huo kuna kitu ambacho hakuja nacho kwenye begi na kinashinda kapsuli. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele uwe mkavu, shikilia uhesabu mpaka kumi, shusha, rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Ukizoea anza kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika popote. Litauma mwanzoni, maumivu madogo hayakuharibii goti. Na kilo, najua hupendi kusikia, ila kila kilo 1 unayopunguza goti linapunguziwa mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua, watu wamepima. Ukipunguza 5 kila hatua ni kama umetua ndoo ya lita 20 kutoka kichwani. Siku likiwaka sana, diklofenaki ya kupaka, ile jeli, ni afadhali kuliko ya kumeza maana kinachoingia kwenye damu ni kidogo.

Jirani yako mwambie hoja yake si ya kucheka, ila hakuna aliyepima kula parachichi kwa ajili ya goti, waliopima walipima hicho kilichochujwa kwa kipimo kile kile kila siku. Parachichi kula, ni chakula kizuri, lakini lina mafuta ya kutosha, ukila matatu kwa siku kwa niaba ya goti utaongeza kilo na goti ndo litakaloyabeba.

Swali: *Mambo vp mfamasia. Mi nalima parachichi huku Njombe, aina ya hass, na yale yanayokataliwa na wanunuzi kwa ukubwa au makovu yananiozea. Nimenunua kimashine nakamua mafuta. Kuna mtu kaniambia mafuta ya parachichi yanatibu magoti nikiandika hvo kwenye chupa ntauza mara mbili. Niandike? – Mkulima wa hass*

Usiandike kaka. Barua ya juu umeisoma? Dawa ni kile kinachobaki baada ya mafuta yote kuondoka, na theluthi mbili yake sio parachichi ni soya, na kukitoa kunataka mitambo ambayo hukuiona kwenye duka la kimashine chako. Mafuta yako mazuri ni ya kupikia, ya kuchanganya kachumbari, ya nywele na ngozi. Kuna watu wanayapaka magotini wanachua na wanasema wanapata nafuu, sibishi, kuchua kwenyewe kunaleta joto na nafuu ya muda, hata ukichua na mafuta ya nazi au ya nyonyo. Lakini ukishaandika "inatibu" kwenye kibandiko umetoka kwenye chakula umeingia kwenye dawa, na siku wakija wa mamlaka ya dawa hawatakuuliza kuhusu bei ya hass. Andika yamekamuliwa lini, yametoka kijiji gani, yamekamuliwa bila kupashwa moto kama kweli hujapasha. Mjini watu wanalipia hayo maneno siku hizi, we hujui tu.

Swali: *Dokta naomba unisaidie haraka. Mama yangu ana 58, alikuwa hawezi kushuka kitandani bila kushikwa. Kuna dada anapita na vidonge anasema ni vya mimea mitupu kutoka nje, vya kulainisha magoti. Mama kameza siku ya pili akaamka mwenyewe akaenda sokoni, mtaa mzima tukashangilia na majirani watatu wakanunua. Sasa ni mwezi wa sita, uso umemvimba umekuwa wa mviringo, mikono imekonda, sukari ambayo hakuwa nayo imefika 14, akikosa kidonge siku mbili anaishiwa nguvu kabisa anatapika. Mwenye kuuza anasema ni sumu inatoka mwilini. Tuviache? – Kijana wa Mbagala*

Barua hii nimemjibu kijana siku ile ile kwa simu, naiweka hapa kwa sababu ya wale majirani watatu na majirani wao.

Msiviache ghafla. Soma tena hilo. Mpeleke mama hospitali leo, bebeni na chupa yenyewe hata kama imeisha, na mwambie daktari neno hili: steroidi. Uso kuwa wa mviringo, mikono kukonda, sukari kupanda, na kuishiwa nguvu akikosa dozi, hizo zikija pamoja zinanifanya nifikirie mtu alimwekea deksamethasoni, steroidi kali ya kuzima uvimbe, ndani ya hivyo "vya mimea". Mwili ukipewa steroidi kwa miezi tezi zake zinaacha kutengeneza ya kwake, ukikata ghafla presha inaanguka na mtu anaweza kufa. Inabidi ipunguzwe taratibu na daktari, wiki kwa wiki. Hakuna sumu inayotoka, huyo dada anaongea tu.

Sio stori ya Mbagala peke yake. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya saplimenti za viungo za jina la Artri King, zilizouzwa kama za mimea na walipozipima wakakuta ndani kuna diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa popote. Watu walilazwa.

Ndo maana kwa mama wa Tabata niliandika kwa furaha kwamba dawa yake ni mvivu. Mmea wa kweli kwenye goti ni mvivu. Saplimenti ya goti ikikuamsha kitandani siku ya pili ukaenda sokoni usiite majirani, ita mfamasia.

Na majirani nao waende, wote watatu, hata kama hawajavimba.

Swali: *Asalaam aleikum. Nipo Muscat miaka 20 sasa, asili yetu Pemba. Bibi yetu hapa kila usiku analoweka ubani kwenye maji asubuhi anakunywa, anasema ndo unamfanya asali kwa kusimama, ana 77. Nikasoma kuwa ubani una dawa ya magoti kuliko hata hayo ya parachichi, ni kweli? Nimtumie mama Pemba? – Mjukuu*

Waaleikum salaam. Bibi mpe salamu zangu nyingi, na umwambie namuonea wivu.

Kuna ukweli ndani yake ila umevaa kanzu ya mtu mwingine. Kwenye ile ile hesabu ya Cochrane ya 2014 ubani ulishusha maumivu kama pointi 17 kwa siku 90, ni zaidi ya mara mbili ya kapsuli za parachichi. Lakini angalia vitu viwili. Waliopimwa walikuwa wachache mno, hawajazi hata basi mbili, wakati wa parachichi walikuwa mamia, na namba ya watu wachache huwa inapenda kupendeza halafu wakiongezeka inanywea. Cha pili, ule ulikuwa ubani wa Kihindi, Boswellia serrata, tena umechujwa kuongezewa asidi zake. Wa Dhofari, huko kusini mwa Oman, anaoloweka bibi ni Boswellia sacra, ndugu yake, sio yeye.

Na maji sasa. Ubani una gundi na una utomvu. Gundi inayeyuka kwenye maji ndo maana asubuhi yanakuwa meupe kama maziwa, ila zile asidi zinazosemwa kutuliza uvimbe hazipendi maji, nyingi zinabaki kwenye punje zilizo chini ya glasi. Kwahiyo siwezi kusema bibi anasimama kwa ajili ya ubani. Kwa miaka 77 anayesali kusimama mara tano kwa siku, anainama anasujudu anainuka, huyo anafanya mazoezi yale yale niliyompa mama wa Tabata, tena kwa miaka 60 bila kukosa. Mi dau langu naliweka hapo.

Mama wa Pemba mtumie ubani kwa ajili ya chumba kunukia. Kwa goti mtumie nauli aende kwa mtu wa fiziotherapia mara mbili tatu afundishwe mazoezi.

Swali: *Wewe mfamasia toleo la mwezi wa tatu ulisema glukosamini ni kupoteza hela. Mi natumia mwaka wa pili na goti langu liko poa. Sasa unasifia parachichi. Mmelipwa? – Msomaji mwenye hasira, Nakuru*

Hatujalipwa, ungeona viatu vyangu usingeuliza.

Glukosamini sikuitoa kichwani. Ule utafiti mkubwa wa Marekani wa 2006, watu 1,583, kwa ujumla haikuishinda kapsuli tupu, na chama cha madaktari wa viungo cha Marekani mwaka 2019 kikashauri kwa nguvu isitumike kwa goti. Parachichi nako sijakasifia, nimesema pointi nane. Goti hili lina tabia ya kuwaka na kupoa lenyewe, na mtu ananunua dawa siku limewaka zaidi, likipoa sifa inakwenda kwa kilichokuwa mezani. Inawezekana ni wewe, inawezekana sio wewe. Acha miezi miwili uandike namba kwenye daftari kama nilivyosema juu, haina madhara kuiacha. Likirudi kuuma niandikie unitukane vizuri, nafasi ntakupa. Lisiporudi, hiyo hela ya kila mwezi we mwenyewe utajua pa kuipeleka.